Alama ya Tarehe Tatu Oktoba

Foleni ilianzia mlangoni mwa jengo la mizani, ikakata kona, ikafuata mfereji mpaka darajani, na mvua ilikuwa inanyesha. Tarehe tatu Oktoba mjini Leiden hakuna anayelalamikia mvua. Siku hiyo mji mzima hula heringi wa chumvi na mkate mweupe, kwa kuwa zamani maadui waliuzingira mpaka watu wakafa njaa, na hicho ndicho chakula cha kwanza kilichowafikia. Ukiwa na kadi ya chama kinachoandaa sikukuu unapewa samaki wako na mkate wako. Ukiwa huna, unakwenda zako.

Jorrit Wiarda hakuwa na kadi, na hakujua kama kuna kadi. Alisimama dakika arobaini katika ovaroli ya buluu yenye mafuta mikononi, mfuko wa zana begani, ndevu nyekundu zikichuruzika maji, na alipofika mezani akaambiwa hapana. Watu wa nchi hii hawana kona kona wakikuambia hapana. Akageuka aondoke, akakumbana uso kwa uso na mwanamke mwenye koti la mvua la njano na miwani ya fremu ya kijani, ambaye alikuwa amesikia kila kitu na alikuwa anacheka.

"Wewe wa wapi usiyejua kadi?" akamuuliza.

"Wa Deventer. Nimekuja kutengeneza saa ya mnara. Nikaona foleni, nikajua mbele kuna kitu kizuri."

"Kwa hiyo wewe ukiona foleni unaunga tu?"

"Naunga. Siku moja nilifika mbele nikakuta wanachanja chanjo ya mafua, nikachanjwa."

Huyo ndiye Nynke Hoekstra. Alikuwa na miaka thelathini na minne, muuza miwani, na kadi aliyoshika ilikuwa ya bibi yake, Aukje, aliyekuwa nyumbani kwa sababu ya magoti. Alimpa Jorrit heringi mmoja kati ya wawili. Walikula wamesimama ukingoni mwa mfereji, wakimshika samaki mkiani na kuinua vichwa juu, na Jorrit akadai kwamba watu wa Amsterdam wanaomkatakata vipande wanapaswa kunyang'anywa samaki kabisa. Alipoomba namba ya simu, vidole vyake vilikuwa vimejaa mafuta ya samaki na simu ikakataa kumtambua. Nynke akaipokea, akaandika mwenyewe.

Nawajua wote wawili, kwa hiyo msinitarajie nisipendelee.

Walijiwekea sheria: Jumamosi moja, mji mmoja, chakula kimoja. Gouda walikula kaki mbili nyembamba zenye shira ya moto katikati, mpaka Nynke akaunguza ulimi. Den Bosch walikula donge la keki lililojaa krimu na kuvikwa chokoleti, na Jorrit akazunguka sokoni nusu saa akiwa na krimu puani, kwa kuwa Nynke alikataa kumwambia. Groningen walikula yai la kuchemsha lililovikwa nyama likakaangwa, ambalo sisi tungeliita egichopu bila kufikiri mara mbili. Maastricht walikula pai la cheri na kubishana na mwenye duka. Jorrit alimwita mama foleni. Yeye akamwita bwana saa. Kila Jumamosi jioni walipigiana simu kila mmoja akiwa katika treni yake, wasemezane mambo ambayo mchana kutwa walikuwa wameshayasema.

Jambo moja tu halikwenda. Jorrit alikuwa fundi wa saa za minarani, na kila mji walioingia alitaka kupanda. Nynke hakupanda hata mmoja. Mara magoti, mara kizunguzungu, mara viatu. Delft, mwezi wa nane, alivaa gauni lake jeupe la maua ya buluu, akakaa juu ya jiwe chini ya kanisa, akamwambia aende peke yake ngazi zote mia tatu na zaidi. Jorrit akamwita mvivu, akambusu, akapanda. Huko juu alitoa mkono dirishani akapunga. Nynke naye akapunga kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameuweka shingoni, vidole viwili chini ya taya, anahesabu mapigo ya moyo.

Sasa niwaambie alichokuwa anaogopa, maana Jorrit hakuambiwa na kutoambiwa huko ndiko kulikoleta yote. Mama yake Nynke alianguka kwenye ngazi za nyumbani akiwa amebeba kikapu cha nguo, na hakuamka. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Kabla yake shangazi wa mama alianguka kutoka kwenye baiskeli akafa, barabara ikiwa kavu na hakuna aliyemgonga. Nynke alikuwa na miaka tisa mama alipokufa, na ndiye aliyeziokota zile nguo. Februari hii inayokuja anatimiza thelathini na sita. Mwezi wa sita alikwenda kliniki kimya kimya, wakamtoa damu ili waangalie kama moyo wa mama yake ndio wake. Majibu yangechukua miezi. Hakumwambia bibi, hakumwambia Jorrit. Alikuwa anaogopa mambo mawili kwa pamoja: kufa, na kumwona mwanamume huyu akianza kumtazama kama mtu anayekufa.

Katikati ya Septemba walirudi Gouda, kwa kuwa Jorrit alisema kaki zile zilikuwa na deni la ulimi. Ndani ya treni Nynke alivuta kitambaa mkobani, na barua ikaanguka sakafuni. Jorrit akaiinua. Ilikuwa imekunjwa mara tatu, na upande wa nje ulionekana mstari mmoja wa kalamu: Nipigie Alhamisi tarehe mbili, au njoo, saa yoyote. Chini yake, Daan. Akamrudishia. Nynke akaikwapua haraka mno, akaitia mkobani, akaanza kuzungumzia ng'ombe waliokuwa nje.

Huko daktari hujiita kwa jina alilopewa na mama yake na basi. Hakuna Daktari Fulani bin Fulani. Jorrit aliona jina la mwanamume, saa yoyote, na mpenzi wake amebadilika rangi. Nynke aliona mtu aliyeishika barua muda mrefu kuliko inavyohitajika kuiokota. Wakala kaki zao wamekaa bega kwa bega, na zote mbili zilipoa.

Jumapili ya tarehe ishirini na nane Nynke alikwenda Deventer. Jorrit alikaa ghorofa ya tatu, na ngazi hizo alizipanda polepole akijifanya anasoma majina milangoni. Ndani kulinukia karoti na vitunguu. Jorrit alikuwa anaponda viazi, amefunga aproni juu ya shati jipya la buluu iliyokolea, anafanya mazoezi ya chakula cha jioni cha tarehe tatu, viazi vya kupondwa na karoti na vitunguu, ili bibi Aukje asimcheke. Alikuwa na wasiwasi, na alikuwa anasema sana. Nynke akaomba kwenda chooni.

Katika kila choo cha nchi hiyo kuna kalenda ya siku za kuzaliwa. Haina mwaka wala haitupwi. Hutundikwa mlangoni au ukutani mbele yako, na ndani yake huandikwa kila mtu ambaye mwenye nyumba hataki kumsahau. Mgeni akikaa pale hufunua kurasa aone kama naye amepanda cheo. Kila mtu hufanya hivyo na kila mtu hukana. Nynke akafunua Februari. Tarehe tisa, kwa mwandiko wa Jorrit: Nynke. Akatabasamu peke yake, miguu ikining'inia, mwanamke mzima.

Akaendelea kufunua, kwa umbea tu. Babu Sjoerd, Mei, na mbele ya jina lake msalaba mdogo. Baba, Julai, msalaba. Waliokufa hawafutwi kwenye kalenda hizo. Huwekewa msalaba, na wengine huandikwa pia kwenye siku waliyokufa. Akafika Oktoba. Tarehe tatu.

Nynke, na mbele ya jina lake msalaba. Mstari mmoja mfupi wa kukata, na mmoja wa kushuka, mrefu, mweusi, uliopitiwa mara mbili.

Akaweka vidole shingoni, moyo ukamkimbia chini ya vidole, ukaruka pigo moja, ukarudi. Jorrit alisoma ile barua, akawaza. Amesoma, anajua, ameshanizika na tarehe ameweka. Akili nyingine ilimwambia hakuna mtu anayejua siku ya kufa ya mwenzake. Lakini woga haukuja kujadiliana naye. Zimebaki siku tano, ndicho alichokisikia, na akakisikia tena na tena mpaka Jorrit akabisha mlango kuuliza kama yuko salama.

Alitoka akasema kichwa kinamuuma, lazima arudi. Akaacha viazi vikitoa mvuke mezani, akashika koti la njano mkononi bila kulivaa. Jorrit alitaka kumsindikiza stesheni, akamkatalia.

Simu ililia treni ilipopita Apeldoorn. Hapo ndipo mazungumzo haya yalipofanyika, nami nayaweka kama yalivyo, maana watu wazima wawili waliongea dakika mbili nzima kila mmoja akijibu jambo lake.

"Nynke, kipenzi, tusizungushane," akasema Jorrit. "Daan ni nani?"

"Ulisoma barua."

"Niliona kilichokuwa kinaonekana."

"Kwa hiyo unajua."

"Tangu Gouda. Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe."

"Ningesemaje?" Sauti ilikuwa inamtetemeka, na mzee wa kiti cha mbele akageukia dirishani kwa adabu. "Na wewe umeshaamua. Umeshaniandika. Oktoba."

Nynke akasikia sahani inawekwa mezani huko Deventer.

"Umeiona," akasema hatimaye, taratibu, kama mtu aliyekamatwa. "Sikutaka uione kabla ya siku yenyewe."

Nynke akakata simu. Akakaa ameishika kwa mikono miwili mpaka Amersfoort, na ilipolia tena hakupokea. Ililia mara saba. Alipofika Leiden alimwandikia: Usinipigie. Usije. Niache nimalize haya mwenyewe. Jorrit akausoma ujumbe huo amesimama jikoni na aproni yake. Ameona nilichotaka kumwomba, akawaza, na hilo ndilo jibu lake. Anamaliza kwangu aende kwa Daan. Akavitupa viazi vyote. Kwa siku tatu alifanya kazi mnarani Zutphen bila kusema na mtu, na alikaza nati moja kupita kiasi mpaka ikakatika, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu alipokuwa mwanafunzi.

Nynke zile siku tatu aliishi kama mtu anayebeba bakuli lililojaa maji. Hakuendesha baiskeli. Dukani hakuinama kufungua droo za chini, alisema mgongo. Mteja mmoja alifunga mlango kwa kishindo, naye akajikuta amekaa sakafuni nyuma ya kaunta, vidole shingoni, anahesabu. Alimpikia bibi yake mayai akiwa ameegemea ukuta. Bibi Aukje alimtazama, akauliza kama amegombana na yule mtu wa saa, akaambiwa hapana, akasema haya.

Alhamisi akaenda kliniki. Daan alikuwa mwanamume wa miaka sitini na kitu, kipara, soksi mbili za rangi tofauti, na alimwomba akae kabla ya kufungua jalada.

"Unao," akamwambia. "Ni moyo wa mama yako. Pole sana."

Nynke akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Daan akamweleza polepole. Kuna dawa, na kuna kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua. Moyo ukipoteza mwendo, chenyewe kinaushtua ukarudi. Wiki ijayo wangekiweka. Watu wenye kifaa hicho wanazeeka, alisema, wanagombana na majirani kuhusu ua kama watu wengine. Mama yake hakupata nafasi kwa kuwa hakuna aliyemtazama. Kisha akauliza amekuja na nani.

"Peke yangu."

"Na nyumbani anakungoja nani?"

Swali hilo ndilo lililomliza, si lile jibu. Alilia mpaka miwani ikafunga ukungu, na katika kulia akauliza jambo la aibu: kama anaweza kufa kesho. Daan akasema yeyote anaweza, lakini kwa nini kesho hasa.

"Imeandikwa. Jina langu na msalaba. Kwenye kalenda ya chooni kwa mpenzi wangu."

Daan hakucheka, ingawa alihitaji muda kidogo. "Kwenye kalenda ya mama mkwe," akasema, "mimi nimeandikwa tarehe ya kuzaliwa ya mume wa kwanza wa mke wangu. Mwaka wa ishirini na nane huu napelekewa keki siku isiyo yangu. Mwulize aliyeandika."

Hakumuuliza. Alijilaza na nguo zake, na asubuhi ya tarehe tatu alipofungua macho, kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka vidole shingoni. Ulikuwa unapiga. Angebaki kitandani siku nzima kama si bibi Aukje, ambaye hana habari za misalaba na alitaka heringi wake. Basi akavaa koti la njano, akachukua kadi, akatembea mpaka jengo la mizani kwa hatua fupi fupi, ameshika kila ukuta uliokuwa karibu. Foleni ilikuwa imefika darajani. Bendi ilikuwa inapita, ngoma kubwa mbele, na kila ngoma ilipopigwa alihisi kifua kinajibu.

Alikuwa amebakiza watu kumi afike mezani alipomwona Jorrit. Hakuwa na ovaroli. Alivaa suti ya marehemu baba yake, fupi mikononi, na kitu bapa alikuwa amekificha ndani ya koti kisilowe. Alikuja moja kwa moja, akasimama mbele yake, na watu wa foleni wakasogea kidogo ili wasikie vizuri.

"Umesema nisije," akasema. "Nimekuja kusikia kwa masikio yangu, halafu naenda. Huyo Daan yuko hapa?"

"Daan?" Nynke alimtazama kana kwamba anaongea Kichina. "Daan ni daktari wangu, Jorrit. Barua uliisoma."

"Nilisoma jina, na saa yoyote."

"Basi kama hukusoma, mbona umeniwekea msalaba?"

"Msalaba gani?"

"Wa leo. Tarehe tatu. Jina langu na msalaba, umeukaza mara mbili."

Jorrit akafungua koti. Ndani alikuwa na kalenda yenyewe, ameing'oa ukutani na msumari wake, amesafiri nayo saa mbili kwenye treni. Alikuwa ameileta aichane mbele yake, akiambiwa hapana. Akafunua Oktoba, akatazama, akaangalia kwa pembeni, na nikaambiwa na waliokuwepo kwamba uso wake ulikuwa mwekundu mpaka ndevu hazikuonekana.

"Hii ni jumlisha," akasema.

"Jumlisha nini?"

"Nynke jumlisha. Niliandika ikiwa ukutani, na kalamu ikishikwa hivyo wino hauteremki. Mstari wa kushuka ulikataa. Nikavuta mara ya pili."

"Nynke jumlisha nini, Jorrit?"

"Niliogopa kuandika jina langu kabla hujakubali kuolewa nami."

Mama mmoja nyuma yao akasema, masikini. Nynke hakumsikia. Akamshika Jorrit mkono wa suti, na pale pale, katikati ya foleni ya samaki, akamwambia yote: ngazi, kikapu cha nguo, shangazi na baiskeli, Delft, vidole shingoni, neno la jana, kwamba anao, na kifaa cha kuwekwa kifuani wiki ijayo. Alimaliza kwa kumwambia kwamba hana deni naye, anaweza kwenda, na hatamlaumu.

Jorrit akakaa juu ya ngazi ya mawe iliyolowa, na suti ya baba yake. Alikaa muda ambao Nynke aliuhesabu kwa mapigo, yakafika arobaini.

"Na mimi nilikuwa nakuita mvivu," akasema.

"Hukujua."

"Naogopa, Nynke."

"Mimi naogopa tangu nina miaka tisa."

"Hicho kifaa, betri yake inakaa miaka mingapi?"

"Daan anasema saba mpaka kumi."

"Tutahesabu saba," akasema fundi wa saa, na akajipapasa mfukoni akitafuta kitu. "Nitaandika kwenye kalenda." Alitoa kalamu, akaisukuma mkononi mwake. "Lakini hapa siandiki mimi. Nikiandika mimi unaona makaburi. Andika wewe, au usiandike."

Foleni ilikuwa imesonga, na mwenye meza alikuwa anamwita mwenye koti la njano. Hakuna aliyemjibu. Nynke akaichukua kalenda, akatafuta mahali pakavu pa kuiwekea, hapakuwepo, akaikandamiza kwenye ukuta wa jengo la mizani chini ya paa dogo la mlango. Jorrit akanyanyuka, akaishika pembe mbili isipeperuke. Nynke akaweka kalamu mbele ya ile alama, akaandika J. Mstari wa kushuka ulianza vizuri, halafu wino ukakata katikati, ikabaki alama nyeupe ya kukwaruza.

Akautazama ule mstari uliokataa. Kisha akaondoa vidole vya mkono wa kushoto shingoni, ambako hata hakujua vimekwenda, akauegemeza mkono huo ukutani, na akavuta mara ya pili.